Mgomba na Jalidi

Wengi wetu hapa Uingereza tulipoteza mimea katika jalidi ya Desemba 2022. Mimi niliuhofia mmoja tu: mgomba alioupanda marehemu mke wangu. Huitwa mgomba wa Kijapani, ingawa asili yake ni China. Hauzai ndizi za kula, lakini majani yake yalimkumbusha kwao Bukoba.

Baada ya baridi ile, shina lililegea kama mboga iliyopikwa. Wanangu wakasema, "Baba, tuung'oe." Nikawaambia wangoje.

Mimi ni mhandisi. Nimezoea mabomba yanayopasuka maji yakiganda. Mmea una njia yake. Baridi ikija polepole, mimea mingi hukusanya sukari katika seli, na maji yenye sukari hayagandi upesi. Barafu huanza nje ya seli, ikivuta maji ya ndani. Seli hunywea badala ya kupasuka. Ikinywea kupita kiasi, au barafu ikiingia ndani, hufa.

Kwa hiyo tawi linaloonekana limekufa lisikatwe haraka. Kwaruza gome kwa ukucha: ukiona kijani, lina uhai.

Mgomba hauna gome la kukwaruza. Uhai wake umo katika kisiki kilicho udongoni. Nilikata lililooza, nikaweka matandazo mazito. Juni 2023 yakatoka machipukizi matatu. Wanangu walisimama wakiyatazama, hakuna aliyesema neno.

Nawaombeni, baada ya jalidi kali, msing'oe kitu kabla ya Juni.