Tundu Lisilo Mlango

Neno tundu lina mambo. Mpwani akilitamka, msikilizaji hana budi angoje sentensi ikome ndipo ajue linaelekea wapi: laweza kuwa tobo la ukutani, laweza kuwa kiota, laweza pia kuwa kizimba cha fito anamofungiwa kasuku barazani. Washairi wa visiwani hawakuiacha nafasi hiyo ipotee bure. Ndege wao aghalabu yumo tunduni au ametoroka tunduni, na anayelia si ndege bali ni mwenye tundu. Mtoto asiyetulia naye huitwa mtundu, kana kwamba lugha ilijua mapema nani atakayekwenda kuchungulia humo.

Neno hilo ndilo lililozusha ubishi Hasamba, wilayani Mbozi, mbali kabisa na bahari, katika mkoa wa Songwe uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016. Waliobishana ni mzee mmoja, seremala aliyestaafu, na wajukuu zake wawili: mvulana wa miaka saba na dada yake wa miaka mitano. Mzee huyo katika ujana wake alikwenda Tanga kukata mkonge, kama walivyokwenda wengi wa rika lake, na huko akajifunza useremala kwa fundi wa Kidigo. Alirejea nyumbani na msumeno, randa, keekee, na Kiswahili cha pwani ambacho majirani zake hadi leo hukiona kuwa cha madaha. Baba wa watoto ni dereva wa malori. Alivuka mpaka wa Tunduma kuelekea Zambia, na kutoka hapo Kongo, kwenye shaba. Mwezi ule wa Julai kahawa ilikuwa ikichumwa kwa mara ya pili tangu aondoke. Simu zake zilikuwa zikija kila wiki. Baadaye zikawa zinakuja kila mwezi. Kisha zikawa hazina siku.

Ilianza kwa manati. Asubuhi moja yenye baridi kali mvulana alikuja mbio ukumbini, mkononi ameshika shomoro aliyempiga kwenye mibuni. Alitaka kusifiwa. Mzee hakumsifu wala hakumkaripia. Alimpokea ndege yule, akamlaza kwenye kiganja, akaukunjua ubawa mmoja polepole ili watoto waone manyoya yanavyopangana kama vigae. Kisha akaomba futi.

"Mpime kifua, mjukuu wangu. Upana tu."

Mvulana akapima, kwa vidole vyenye kusitasita. Mzee akaongeza kidogo juu ya kipimo kile kwa ajili ya manyoya na mabawa, ikawa sentimita tatu na nusu hivi, akaandika kwa penseli juu ya kipande cha ubao wa mgrivea kilichobaki tangu yalipotengenezwa madirisha. Ndipo aliposema kwamba watamjengea nyumba. Mtoto wa kike akauliza kama nyumba hiyo ni ya huyu aliyekufa. Babu akajibu kwamba huyu amekwisha kupata yake, na wakaenda kumfukia chini ya mparachichi. Kipimo cha mlango wa nyumba ile, kwa hiyo, kilitoka kwa marehemu. Jambo hilo halikutajwa tena na yeyote, lakini mvulana alilijua, na ilionekana kwamba alilijua.

Kazi yenyewe si kubwa. Vipande sita vya ubao vyatosha: sakafu, kuta nne na paa. Ukuta wa mbele hukatwa mfupi kuliko wa nyuma ili paa liiname, na paa hutokeza mbele ya tundu kama upenu, mvua isiingie. Lakini kazi ndogo ikifanywa na watoto huwa kubwa. Msumeno ulikwama mara nyingi mikononi mwa mvulana. Misumari ilipinda, ikanyooshwa juu ya jiwe, ikapinda tena. Mtoto wa kike alikabidhiwa dhamana ya kushika misumari, akaihesabu kila mara, na kila mara idadi ikawa nyingine. Mzee, ambaye mikono yake siku hizi hutetemeka, hakugusa nyundo isipokuwa mara mbili. Tundu la mbele alilitoboa mwenyewe kwa keekee, akalilainisha kwa tupa. Katika pembe nne za sakafu akatoboa vijitobo vya kutolea maji, kwani kinda hufa kwa unyevu upesi kuliko kwa njaa.

Watoto walikuwa na maoni yao. Dada mtu alitaka dirisha. Akaambiwa ndege hapendi upepo umpitie mgongoni. Alitaka pia kijiti mbele ya tundu, ndege apate pa kukaa kabla ya kuingia. Hilo nalo likakataliwa. Ndege wa matunduni hujishika kwenye ubao kwa kucha zake bila taabu. Anayefaidika na kijiti ni kunguru. Msomaji wa Unguja hahitaji kuelezwa zaidi: kunguru wa Bara Hindi waliletwa kisiwani katika miaka ya 1890 wale takataka, wakala takataka, wakaendelea na mayai na makinda ya kila ndege aliye mdogo kuliko wao. Kunguru wa Mbozi ni wa jamii nyingine, mwenye rangi nyeupe shingoni, lakini tabia za ukoo hazijifichi.

Ubishi mkubwa ulikuwa wa mlango. Mvulana aliokota bawaba ya kabati la zamani na alikuwa amekwisha kuitafutia mahali pake.

"Tundu halifungwi, babu?"

"Hili halifungwi."

"Sasa akiingia si atatoka?"

"Atatoka."

"Akienda zake moja kwa moja?"

Mzee alipuliza vumbi la mbao kutoka kwenye tundu, akachungulia ndani kwa jicho moja, jicho ambalo halioni sawasawa. "Tundu litakuwa papo hapo," akasema. Mvulana hakuridhika. Bawaba aliitia mfukoni, na kwa siku kadhaa ilisikika ikigongana na mawe ya manati.

Rangi ilikuwa kazi ya mama yao. Katika ghala kulikuwa na kopo kuukuu la rangi ya mafuta, lakini alilikataa, kwa kuwa alikwisha kusikia kwamba rangi za zamani huwa na madini ya risasi, nayo hudhuru akili za watoto. Akawachukulia kitu walichokijua mabibi zao: udongo mwekundu uliochekechwa na kukorogwa na uji mwepesi ili ushike, na chokaa kidogo. Walipaka nje tu. Ndani palibaki ubao mtupu, mkwaruzo wa msumeno haukurandwa, ili makinda yapate pa kukanyaga yatakapopanda kutoka. Mvulana alipaka haraka haraka, akamaliza. Dada yake alichukua alasiri nzima kutia madoa meupe kwa ncha ya kidole, moja moja, akasema nyumba yake ni kanga. Hakusema kama alikusudia ndege au nguo, wala hapakuwa na haja, maana nguo yenyewe yasemekana iliazima jina kwa ndege, kwa sababu ya madoa hayo hayo.

Siku ya kuitundika, mzee alitaka mpira wa kuzungushia tawi ili waya usilikate. Aliuomba mpira wa manati. Mvulana alikataa. Ukatafutwa mpira wa baiskeli, na nyumba ikafungwa kwenye mparachichi, juu kuliko mkono wa mtu mzima, uso wake ukiupa kisogo upande wa mvua.

Agosti ikapita. Septemba ikapita. Shomoro waliendelea kuingia chini ya mabati ya nyumba ya watu kama kawaida yao, wakimwaga nyasi juu ya vyungu vya mama. Mvulana alitaka kupanda akatazame, akakatazwa. Mbayuwayu walipofika kutoka Ulaya, watoto walidhani wageni wamepatikana, nao wakaelezwa kwamba hao hawaingii matunduni na hawazai huku. Wao huja kula na kupumzika, na viota vyao vya tope wameviacha kwao. Mtoto wa kike aliuliza kama wao wana simu. Hakuna aliyecheka.

Mvua ya kwanza ya Novemba ilinyesha usiku. Kulipokucha udongo ulikuwa umechuruzika hadi shinani, na kanga hakuwa na doa hata moja. Uji haukufaa kitu. Mtoto alilia kilio cha kweli, cha kazi iliyopotea, na babu alimwacha alie.

Haikujulikana ni siku gani hasa shomoro walihamia. Mwezi wa Desemba mama aliona unyasi ukining'inia tunduni, na uzi mwekundu aliouhisi kuwa wa kanga yake. Kisha wakamwona jike akiingia, akikawia, akitoka. Mvulana alikaa chini ya mti tangu asubuhi. Manati ilikuwa shingoni mwake, kama kawaida. Hakuivua, na hakuinyanyua.

Jioni ya siku hiyo simu ikalia kutoka Kongo. Sauti ilikuwa ikikatikakatika. Mvulana alieleza yote kwa pumzi moja: ubao, misumari, unyasi, jike na dume. Baba akauliza nyumba ina rangi gani. Mtoto akageuka kuutazama mti gizani.

"Ilikuwa nyekundu," akasema. Kisha akaeleza kwamba itapakwa tena mvua zikikatika, ila kwa sasa haifai kuguswa, maana mna watu ndani.