Jua la Moshi

Ukifika Moshi, mji ulio chini ya Mlima Kilimanjaro, pita soko la Mbuyuni yapata saa nne asubuhi. Hapo jua humgusa kila mtu, na ngozi huanza kutengeneza vitamini D iimarishayo mifupa. Mtoto anayefungiwa ndani kutwa aweza kupata matege, hata katika nchi yenye jua tele.

Lakini neema ya mmoja ni hatari kwa mwenzake. Katika mji huo huo, kwenye hospitali ya KCMC iliyofunguliwa mwaka 1971, ndiko yalikoanza kutengenezwa mafuta ya Kilisun ya kuwakinga wenye ualbino na saratani ya ngozi. Ngozi yao huungua upesi, nayo hupata vitamini D kwa jua dogo tu. Ngozi nyeusi huhitaji muda zaidi.

Basi tazama kivuli chako. Kikiwa kifupi kuliko wewe, jua lina nguvu ya kujenga na ya kuunguza pia. Mwenye ualbino asitoke bila kofia pana, mikono mirefu na mafuta yake. Nawe ushindaye ofisini au kiwandani, mtoe mwanao nje, mwote jua kwa kiasi, kisha mrudi kivulini.