Kudamka si Kuwahi

Kiswahili ni tajiri wa maneno ya mapema. Jogoo la kwanza linapowika, bado ni usiku. Alfajiri ni weupe wa kwanza mbinguni. Na weupe huo ukiwa ndiyo kwanza unaanza, twasema alfajiri mbichi, kama tusemavyo ndizi mbichi. Kisha kunapambazuka, halafu jua lachomoza, ndiyo macheo. Naye aamkaye saa hizo hatusemi tu kwamba ameamka. Twasema amedamka, au amerauka.

Hata saa zetu huanza asubuhi. Saa moja hutimia jua likiisha kutoka. Ndiyo hesabu ile ile ya Injili ya Mathayo, sura ya 20, ambamo mwenye shamba alitoka alfajiri kutafuta wafanyakazi, tena saa tatu, saa sita, saa tisa na saa kumi na moja. Yafaa sana kwetu, maana Niemba haiko mbali na ikweta, na jua hutoka karibu saa kumi na mbili mwaka mzima. Kule London jua la Juni hutoka kabla ya saa kumi na moja, na la Desemba hungoja mpaka saa mbili.

Kila taifa huwasifu wanaodamka. Waingereza husema ndege wa mapema ndiye apataye mdudu. Wafaransa husema dunia ni yao waamkao mapema. Waswahili husema biashara asubuhi, jioni mahesabu. Ni kweli. Lakini wahenga wetu waliongeza neno jingine: kutangulia si kufika.

Mwaka 1915 reli ya kutoka Kabalo, ipitayo hapa Niemba, ilifika ziwani Kalemie, mji ulioitwa Albertville zamani hizo. Gari la moshi halisikilizi jogoo, wala kengele ya shule haisikilizi. Saa za namna hii humpima mtu kwa kufika kwake, si kwa kuamka kwake.

Basi mtazameni msichana anayefika shuleni kengele imekwisha kulia. Jogoo la kwanza lilimkuta macho. Ameteka maji mtoni, amefagia ua, amewapikia wadogo zake uji, kwa kuwa mama yao ni mgonjwa. Huyu huitwa mvivu, na pengine hufungiwa mlango. Jirani yake ameamshwa jua limekwisha kutoka, akawekewa chakula, akala, akawahi. Huyo husifiwa kuwa ni mtoto wa mapema. Je, kati yao, nani amedamka?

Lugha yetu imetupa maneno mawili, kudamka na kuwahi. Tuyatumie yote mawili. Mtoto akichelewa, kabla ya kumrudi, tumwulize kwanza: «Mwanangu, leo umeamka saa ngapi?» Huenda jibu lake likatuonyesha kwamba anayehitajiwa ni mtu wa kumsaidia kuteka maji, si mtu wa kushika fimbo.