Urithi usiogawiwa baada ya mazishi

Mtu anapofariki katika familia zetu, tunajua la kufanya. Baada ya mazishi hulipwa madeni, hutekelezwa wasia, kisha huitwa mwenye elimu ya mirathi akaketi na warithi na kumpa kila mmoja fungu lake kama Allah (S.W.) alivyoligawa. Nyumba hugawiwa, shamba la mikorosho hugawiwa, hata baiskeli huuzwa na thamani yake ikagawiwa. Iko mali moja tu ambayo hakuna sheikh wala kadhi awezaye kuigawa siku hiyo, nayo ni ujuzi wa mikono ya marehemu. Kama hakuutoa akiwa hai, huenda naye kaburini.

Nimelifikiri jambo hili kwa sababu ya mjomba wangu, fundi wa magari ya zamani pale Nachingwea, ambaye sasa amevuka umri wa miaka 75. Mimi ni mwalimu Ruangwa, na kila nipatapo likizo humtembelea. Kwetu sisi watu wa Kusini, mjomba si mtu mdogo. Mila za Wamwera, Wamakua na Wayao zilifuata upande wa mama, na mpwa ndiye aliyemtazamia mjomba wake kwa cheo na kwa mali. Uislamu umetuwekea mafungu yaliyo wazi, na mali ya mjomba ina wenyewe, yaani mkewe na watoto wake. Lakini ujuzi wake haukuwekewa fungu la mtu. Ni wa yule atakayekaa naye akajifunza, na wanawe wote wako Dar es Salaam, katika shughuli nyingine za halali.

Msomaji anaweza kujiuliza ufundi huu ulifikaje katika mji ulio mbali na bandari kama Nachingwea. Jibu lake ni karanga. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza, iliyokuwa na uhaba wa mafuta ya kula baada ya Vita Kuu ya Pili, ilianzisha Mpango wa Karanga katika Tanganyika. Maeneo matatu yalichaguliwa: Kongwa, Urambo na Nachingwea. Yakaletwa matrekta na malori, mengi yakiwa mabaki ya vita. Hata vifaru vya Sherman viligeuzwa kuwa matrekta ya kung'olea miti. Bandari ya kina kirefu ikajengwa Mtwara na reli ikatandikwa hadi Nachingwea. Lakini ardhi na hali ya hewa hazikuwa kama zilivyofikiriwa Uingereza, na mashine zikaharibika kwa wingi. Mwaka 1951 mpango ule ukaachwa, baada ya kula pauni zipatazo milioni 36. Reli nayo ikafungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960.

Kilichobaki ni watu. Vijana wa Kiafrika walikuwa wamefundishwa udereva na ufundi, na zile mashine zilizokuwa zikiharibika kila siku ndizo zilizokuwa shule yao. Mmoja wa vijana wale, alipokuwa mtu mzima mwenye gereji yake, ndiye aliyempokea mjomba wangu mwishoni mwa miaka ya 1960, mjomba akiwa utingo wa lori aliyechoka kulala juu ya magunia.

Wasomaji wa gazeti hili wanaijua maana ya isnadi: fulani amepokea kwa fulani, naye amepokea kwa fulani. Ufundi nao una mnyororo wa namna hiyo. Mnyororo wa mjomba unaanzia katika karakana za karanga, ukapita kwa mwalimu wake, ukafika kwake. Baada yake hapana jina.

Ni nini hasa kitakachopotea? Si ile hekima ya jumla tunayoisifu kwa wazee wote. Ni mambo madogo yenye vipimo. Nitataja mawili niliyoyaona kwa macho yangu.

La kwanza ni la wembe. Ndani ya distribyuta ya Land Rover ya petroli ya zamani mna vidomo viwili vya chuma vinavyogusana na kuachana, na kila vinapoachana, plagi hupata cheche. Vinapofunguka kabisa, nafasi kati yake haitakiwi kuzidi takriban sehemu nne za kumi za milimita. Kipimo chake maalumu cha dukani mjomba alikuwa nacho zamani, kikapotea. Akagundua kwamba wembe mmoja wa kunyolea una unene wa sehemu moja ya kumi ya milimita. Basi hubana nyembe nne pamoja, akazipenyeza kati ya vidomo na kukaza skrubu. Sasa macho yake yana mtoto wa jicho, lakini kazi hii huifanya kwa kuhisi kwa vidole tu.

La pili ni la sabuni. Bodi ya gari hilo ni ya alumini, kwa kuwa lilipotoka mara ya kwanza mwaka 1948, chuma kilikuwa cha mgao huko Uingereza. Chuma kikipata moto huwa chekundu, kikamwonya fundi. Alumini haionyi, hubaki na rangi yake ileile, kisha huyeyuka ghafla na kudondoka. Mjomba hulipaka bati sabuni ya mche kabla ya kulipasha. Sabuni inapogeuka nyeusi, huondoa moto papo hapo. Hapo bati limelainika, nalo hunyooka kwa nyundo ya mti bila kupasuka.

Kijana aliyehitimu vizuri chuoni, ambaye amefundishwa kusoma hitilafu kwa kompyuta, hatakutana na mambo haya katika masomo yake. Simlaumu. Magari ya leo yanamhitaji yeye kuliko yanavyomhitaji mjomba. Lakini magari ya zamani bado yako, na bado yanabeba korosho na ufuta katika njia za vijijini kwetu.

Mwanafunzi alipatikana. Alikuwa kijana wa jirani yangu Ruangwa, yatima wa baba, mtulivu na mwenye mikono myepesi. Alikaa Nachingwea miezi kumi na minne, kisha akaondoka bila kuaga vizuri na kwenda machimboni. Siku hizi Ruangwa inasemwa kwa dhahabu na madini ya kinywe, na kijana mwenye nguvu husikia habari za fedha kila anapokaa kijiweni. Nilikwenda kwa mama yake kuuliza. Akanikaribisha mkekani, akanijibu kwa adabu:

"Mwalimu, mwanangu alikuwa anarudi na mafuta mikononi na mifuko mitupu. Mimi nina wadogo zake watatu. Na huo ufundi wenyewe hajaonyeshwa. Mwaka mzima anaosha vipuri kwa mafuta ya taa. Injini ikianza kufungwa, hutumwa dukani."

Maneno yale yalinikaa moyoni. Sisi huwalaumu vijana kwa kukosa subira. Ni mara chache huuliza kama mwalimu alikuwa anafundisha kweli. Nilipofika Nachingwea nilimwamkia mjomba, tukanywa uji, kisha nikamfikishia maneno ya yule mama kama yalivyo. Hakukasirika. Alinyamaza kitambo, akasema:

"Mpwa wangu, mwalimu wangu naye alinituma dukani kila alipofika kwenye kufunga injini. Kufunga nilijifunza kwa kuchungulia usiku. Nami nikimwonyesha yote huyu kijana, kesho atafungua gereji mbele yangu, na wateja watakwenda kwa mwenye macho mazima."

Mkaza mjomba alikuwa akipepeta mchele barazani. Hakuinua uso. Akasema, "Mzee wangu, wateja watakwenda tu siku tutakapokuzika. Lililobaki ni kujua watakwenda kwa nani, na kama huyo atakuombea dua."

Hapo nilielewa kwamba ule mnyororo haukukatwa na machimbo peke yake, bali pia na hofu. Fundi mzee asiye na pensheni wala bima hushika siri zake kama wengine wanavyoshika akiba ya benki, kwa sababu ndiyo akiba yake. Anayemtaka azitoe bure anamwomba azeeke bila kinga. Na kijana anayetakiwa kusubiri bila ujira naye anaombwa awaache wadogo zake walale na njaa. Wote wawili wana haki zao, na haki hizo hazitatimizwa kwa mawaidha matupu.

Tulikaa kikao cha familia. Watoto wa mjomba walisikiliza kwa simu kutoka Dar es Salaam, wakakubali kuchangia kila mwezi matumizi ya baba yao, ili asimwone mwanafunzi kuwa mshindani wa chakula chake. Katika kila kazi, kijana apewe moja ya tano ya ujira, siku hiyohiyo. Na mjomba asimtume dukani injini inapofungwa. Haya yaliandikwa na kusainiwa mbele ya mashahidi wawili, kwani Qur'an imetuamrisha kuandika mapatano ya deni, na makubaliano ya kazi nayo yana haki za watu ndani yake. Mjukuu wa mjomba, binti wa kidato cha tatu, alipewa daftari na simu: aandike vipimo na kupiga picha za kila hatua. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari.

Likabaki suala la cheti, ambalo vijana hulijali na wana haki ya kulijali. VETA ina utaratibu wa kupima na kutambua ujuzi uliopatikana kazini, nje ya darasa. Kijana akiiva, atapelekwa kupimwa. Mjomba aliposikia hayo aliuliza kama na yeye anaweza kupimwa. Tulicheka, lakini naamini hakuwa anatania.

Huenda msomaji akauliza kama kuna riziki ya kweli katika kazi hii. Oktoba 2024, mjini Arusha, lilifanyika tamasha la Land Rover lililokusanya mamia ya magari hayo, mengi yakiwa ya zamani yaliyotunzwa vizuri. Nairobi huwa na maonyesho ya magari ya kale tangu mwaka 1970. Huko Marekani, chuo cha McPherson katika jimbo la Kansas kimekuwa kikifundisha ukarabati wa magari ya zamani tangu mwaka 1976, na vijana hulipa karo kusomea yale ambayo chini ya mwembe wa mjomba kijana alikuwa akiyakosa kwa kutumwa dukani. Wenye magari hayo wapo, nao hutafuta mikono wanayoweza kuiamini.

Kijana alirudi baada ya Idi. Hakuahidi zaidi ya msimu mmoja wa korosho, na hatukumlazimisha. Wiki ya kwanza mjomba alimpa nyembe nne. Wiki ya tatu alimkalisha mbele ya injini iliyo wazi na kumsomesha mpangilio wa kuwaka kwa silinda, moja, tatu, nne, mbili, mpaka akaukariri kama mtoto wa madrasa anavyokariri sura fupi. Kama atabaki, Allah ndiye ajuaye. Lakini kufunga injini sasa anakujua, na hicho hakiwezi tena kuzikwa na mtu mmoja.

Ndugu msomaji, katika ukoo wako yuko mzee wa namna hii. Pengine si fundi wa magari. Pengine ni mshonaji wa kofia, mchonga milango, mkunga au mjenzi wa visima. Mtume (rehema na amani zimshukie) alitufundisha kwamba mwanadamu akifa amali zake hukatika isipokuwa mambo matatu, na elimu yenye kunufaisha ni mojawapo. Basi tusisubiri siku ya kugawa mirathi ndipo tuulize nani anajua alichokijua marehemu. Tumwendee mzee leo, tumhakikishie chakula chake, tumlipe kijana jasho lake, tuandike yanayosemwa. Allah awape wazee wetu afya na mioyo mikunjufu ya kufundisha, na awape vijana wetu subira yenye riziki ndani yake. Amin.