Kitui Si Nambari 15 Tu

Wasee, leo tuongee kuhusu li. Ndiyo, ile li ya HTML, kitu kimoja ndani ya orodha. Najua kuna wenye watasema jQuery ni ya wazee, imekuwepo tangu John Resig aitoe 2006. Sawa, lakini kurasa kibao bado zinaitumia. Mimi niliacha chuo, na hiyo ndiyo ilinifanya nielewe JavaScript, kwa sababu inaongea kama mtu: tafuta hiki, kifanyie hivi.

Chukua orodha ya kaunti 47 vile zimepangwa kwenye Katiba ya 2010. Mombasa ya kwanza, Nairobi ya mwisho. Mimi nimelelewa Kitui na mamangu kwao ni Makueni, kwa hivyo nataka hizo mbili ziwake rangi. Kitui ni ya 15. Ila jQuery huanza kuhesabu na sifuri, kwa hivyo unaandika:

$("li").eq(14).css("color", "green");

Makueni ni ya 17, inakuwa eq(16). Ukiandika eq(15) umepaka Machakos, na watu wa Wote hawatakuelewa. Halafu kuna li:nth-child(15), ambayo inaanza na moja kama mtu wa kawaida, na inakupa Kitui vilevile. Unataka ule mkoa wa zamani wa Mashariki wote? Andika .slice(9, 17), unapata kaunti nane, Marsabit hadi Makueni. Tamu, si ndiyo?

Sasa ngoja mtu aje aipange hiyo orodha kwa alfabeti. Ile eq(14) yako inapaka Kirinyaga. Eq(16) inapaka Kisumu. Kama ukurasa ulikuwa unaonyesha kaunti zenye ukame, umeambia dunia kwamba ukame uko Kirinyaga, kwenye mpunga wa Mwea, na Kisumu, kando ya Ziwa Victoria. Na brauza haitalalamika hata kidogo. Hakuna ujumbe wa kosa. Msee wa Mutomo atafungua simu aone kwao kuko shwari.

Ndiyo maana nasema usichague kitu kwa nafasi kama unaweza kukichagua kwa sifa. NDMA, ile mamlaka ya ukame, hufuatilia kaunti 23 zilizo kame na nusu kame. Kitui imo, Makueni imo. Wape hao 23 klasi moja, class="ukame", kisha:

$("li.ukame").addClass("angaza");

Panga orodha vile unataka, geuza juu chini, rangi itafuata wenyewe. Na ni afadhali addClass kuliko css, kwa sababu rangi yenyewe inakaa kwenye faili ya CSS. Ukitaka kuitoa, removeClass, kazi imeisha.

Lakini klasi pia kuna mtu huiandika, na hapo ndipo mimi huangalia mara mbili. Chuoni nilikuwa kwenye orodha ya wenye hawajamaliza karo. Ilikuwa kweli, sikuwa nimemaliza. Ila hiyo orodha haikuwa na kitu kingine chochote kunihusu: si alama zangu, si kazi niliyokuwa nafanya usiku nikitafuta hiyo karo. Klasi moja ilitosha kunifungia mlango wa chumba cha mtihani, nami nikarudi Kitui.

Kaunti zetu zinafanyiwa hivyo hivyo. Angalia video nyingi za Ukambani: punda, mtungi wa maji, mchanga wa mto uliokauka. Hao macreator wameandika li.ukame wakaachia hapo. Si uongo, ukame upo, na nyumbani tumeupitia. Lakini li moja inaweza kubeba klasi kibao, unaziachanisha tu na nafasi. Makueni ina maembe na kiwanda cha matunda pale Kalamba. Kitui ina asali ya Mwingi na kiwanda cha nguo cha KICOTEC. Andika class="ukame asali nguo" na hakuna kitu kitaharibika. Mwenye anatafuta ukame ataipata, na mwenye anatafuta asali pia ataipata.

Fanyeni hivi wikendi hii, hata kwa simu. Andika orodha ya kaunti 47, tafuta yako, uipe klasi tatu za kweli. Ya kwanza itakuja haraka kwa sababu ushaiskia kwa habari mara mia. Hizo mbili zingine uliza watu wa huko. Mimi nilimpigia nyanya yangu Makueni, na mpaka simu ikate alikuwa amenipa saba.