Kijana Aliyesema: Turudi

Kwa kazi mimi ni mwalimu wa shule. Katika likizo kubwa nakuwa mwalimu wa tanga. Kila mwaka, darasa zikifungwa mwezi wa saba, naweka chaki na kushika kamba. Nafundisha vijana wa miaka 13 hadi 17 kuendesha mashua za tanga huku kwetu Kalemie, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, karibu na mahali mto Lukuga unapotoka ziwani kuelekea Lualaba.

Watu wengine hunicheka. Huniuliza: «Mwalimu, siku hizi kila mvuvi hutafuta mota, tanga la nini?» Nawajibu kwamba mwenye mota hutazama mafuta yake tu, bali mwenye tanga hulazimika kutazama maji, mawingu, wenzake, na moyo wake mwenyewe.

Somo la kwanza hufanyika nchi kavu. Nachora mashua mchangani na kuwaonyesha vijana kwamba hakuna chombo cha tanga kiwezacho kwenda moja kwa moja kuukabili upepo. Anayetaka kufika upande upepo utokako hana budi kubisha: kwenda mshazari upande huu, kugeuza, kisha kwenda mshazari upande ule, kama mtu apandaye mlima kwa njia ya kupindapinda. Somo la pili ni la kamba inayoshika tanga: ishikwe mkononi daima, isifungwe kamwe. Upepo ukija kwa ghafula, legeza kamba, na tanga litaumwaga. Somo la tatu: mashua ikipinduka, usiiache. Ubao huelea, ufuko ulio karibu machoni uko mbali kwa mikono.

Hayo yote nayajua, na nayafundisha vizuri. Walakini nataka kuwaeleza siku ambayo mwalimu mwenyewe alishindwa mtihani.

Ilikuwa mwezi wa nane. Katika majira ya kiangazi upepo wa kusini-mashariki hutawala ziwa letu, na ziwa lenyewe si dogo: urefu wake ni karibu kilometa 670, na kina chake mahali fulani chafika meta 1,470. Upepo ukitembea mbali juu ya maji ya namna hiyo, mawimbi hukua. Asubuhi ile tuliondoka na mashua mbili, tukielekea kaskazini, upepo ukitusukuma kwa nyuma. Lo, raha iliyoje! Anayekwenda na upepo hausikii usoni, akadhani ni mdogo. Nilikuwa nimeagiza tugeuke penye miti fulani. Tukaifikia, tukaipita. Vijana waliimba, nami niliona fahari.

Ndipo kijana mmoja katika mashua yangu, mwana wa mvuvi, mpole asiyependa maneno mengi, akasema: «Mwalimu, turudi. Kule nje maji yamebadili rangi.» Nami, badala ya kutazama alikoonyesha, nikacheka na kusema mbele ya wenzake: «Kama waogopa maji, ungebaki nyumbani na dada zako.» Wote wakacheka. Yeye akainamisha kichwa, akaanza kukunja kamba ndefu iliyokuwa miguuni pake.

Muda si mrefu upepo uliongezeka. Tulipogeuza, ndipo tulipoujua ukubwa wake: maji yalitupiga usoni, na kila mshazari ulitusogeza kidogo tu. Nikatazama nyuma. Mashua ya pili ilikuwa imelala ubavu, tanga majini. Kiongozi wake, kijana mkubwa kuliko wote, alikuwa ameifunga kamba ya tanga kwa kuwa mkono ulichoka. Nikahesabu vichwa: kimoja, viwili. Walikuwa watatu.

Sitasahau kamwe hesabu ile. Niliwaendea kwa haraka mno, upepo ukanipitisha. Nikageuza tena, nikaja kwa upande wa chini ya upepo, mashua ikapunguza mwendo. Mara kichwa cha tatu kikatokea kando ya tanga. Kijana yule alikuwa amenaswa chini yake. Koti lake la kuelea alikuwa amelivua asubuhi na kulikalia kama mto, nami nilimwona nisimkemee. Kamba ilirushwa palepale, ikamfikia. Nani aliirusha? Ni yule niliyemcheka. Tangu nilipomtukana alikuwa akiitayarisha.

Tulifika ufukoni mbali na nyumbani, tukarudi kwa miguu. Usiku ulikuwa umekwisha kuingia. Kina mama walikuwa wamesimama kando ya maji, wakimulika kwa simu zao. Mama mmoja alimshika mwanawe, akanitazama, akasema tu: «Mwalimu, nilikukabidhi.» Hakuongeza neno, wala halikuhitajiwa.

Kesho yake niliwakusanya vijana wote na wazazi wao. Nikaeleza kosa langu bila kulifunika, nikamwomba radhi yule kijana mbele ya walewale walioshuhudia nikimwaibisha. Methali yasema: asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Siku ile mkuu ndiye aliyekataa kusikia la mdogo, na guu ambalo lingevunjika lilikuwa la mtoto wa mtu mwingine.

Tangu hapo tuna sheria mbili. Hakuna anayepanda mashua bila koti la kuelea kifuani, hata mwalimu. Na yeyote akisema «turudi», tunarudi, bila kicheko wala maswali. Maswali tutaulizana ufukoni.

Enyi wazazi na walimu wenzangu, vijana wetu wanahitaji ujasiri, ndiyo. Lakini tusiuite uoga ule ambao kwa kweli ni macho yaonayo mbali. Kwenda na upepo kila mtu aweza. Tuwafundishe kurudi.