Barua kutoka Uingereza: Acheni Kuhesabu Antena

Safari hii nimesukumwa na swali ambalo, kuanzia Kariakoo hadi Luthuli Avenue, mnunuzi wa kifaa cha Wi-Fi hulitanguliza kuliko yote: "Kina antena ngapi?" Nawapenda, kwa hiyo nasema wazi kwamba swali hilo linawamalizia fedha. Mtu ananunua ripita yenye pembe nne, anaichomeka chumba cha nyuma ambako mawimbi yamekwisha kufa, kisha runinga inaganda na lawama zote zinamwendea mtoa huduma.

Huku shida ya chumba cha nyuma ipo pia. Waya wa intaneti mara nyingi huingilia upande wa barabarani, na mpangaji hawezi kutoboa ukuta bila idhini ya mwenye nyumba. Ndipo linapohitajika daraja, yaani kifaa kinachopokea Wi-Fi ya ruta na kuitoa kwa waya kwenye kompyuta au runinga. Msilichanganye na ripita. Ripita ya masafa mamoja ni kama mkalimani mkutanoni: lazima asikilize kwanza ndipo arudie, na muda wote huo wengine wanangoja. Kasi inashuka hata kufikia nusu. Daraja halirudii kitu hewani. Likishapokea, safari iliyobaki ni ya waya, na waya wa mtandao unafika mita 100 bila kuchoka. Kwa hiyo mahali pake si chumba chenye shida. Liwekeni pale ambapo mawimbi bado yana nguvu, kisha vuteni waya hadi chumbani.

Kuhusu antena, fikirini hivi. Hapa Uingereza nguvu ya mawimbi kwenye masafa ya gigahezi 2.4 imewekewa kikomo cha miliwati 100, hata kifaa kiwe na pembe ngapi. Isitoshe, mazungumzo ni ya pande mbili: ruta ikipiga kelele na simu yako ikajibu kwa kunong'ona, hamjasikilizana. Antena za ziada zina kazi yake, sikatai, lakini hazitoboi ukuta wa bloku za saruji, wala mawe ya matumbawe ya Mji Mkongwe. Nyumba nyingi za huku zimegawanywa ndani kwa mbao na jasi, nazo kuta za namna hiyo hupitisha mawimbi kwa urahisi kuliko zetu. Sisi wenye kuta nene ndio tulipaswa kuwa waangalifu zaidi, na sisi ndio tunaohesabu pembe!

Ulizeni kwanza tundu la waya. Kuna vifaa vilivyoandikwa 1200 kwenye boksi huku tundu lake likiishia megabiti 100 kwa sekunde. Anayelipia kifurushi cha kasi zaidi ya hapo atakwama papo hapo. Takeni tundu la gigabiti. Ulizeni pia kama kifaa kina hali ya daraja inayopitisha anwani za vifaa vyote vilivyo nyuma yake, ile iitwayo WDS, kwa sababu mteja wa kawaida wa Wi-Fi huonekana kwa ruta kama kifaa kimoja tu, na mkiunganisha swichi nyuma yake mnaweza kupata vituko. WDS ya kampuni moja si lazima ielewane na ya nyingine, hivyo salama ni kununua jozi ya mtengenezaji mmoja. Jambo la tatu ni uhai wa programu yake. Sheria iliyoanza kutumika hapa tarehe 29 Aprili 2024 inapiga marufuku nywila moja ya kiwandani kwa vifaa vyote, na inamtaka mtengenezaji atangaze atatoa masasisho ya usalama hadi lini. Nanyi dukani ulizeni hilo hilo. Muuzaji akikosa jibu, rudisheni boksi kabatini.

Mtasema daraja zuri ni ghali. Ni kweli linaizidi bei ripita ya mtaani, ila ripita mbili zilizotupwa nazo zimelipiwa. Ruta ya zamani inayokubali programu huria ya OpenWrt inaweza kugeuzwa daraja na fundi anayeijua kazi. Mtasema umeme unakatika: basi betri ndogo iwekwe kwenye ruta na kwenye daraja pia, maana kimoja kikizima kingine hakina kazi. Na mkiniuliza kwa nini msivute waya moja kwa moja, hapo mmenishika pazuri, kwa sababu waya unalishinda daraja lolote. Mpangaji wa huku hana ruhusa hiyo. Ninyi mnajenga nyumba zenu wenyewe, fundi umeme anapitisha mabomba ukutani kabla ya lipu, halafu hakuna anayemwambia aongeze bomba moja la waya wa mtandao kila chumba! Mwambieni wiki hii, kabla ukuta haujafungwa.